Gari likiharibika ng'ambo ya mpaka, kubalianeni bei kabla ya spana

Lori dogo la vitunguu kutoka Arusha likikwama upande wa Kenya baada ya kuvuka Namanga, mwenye mzigo huanza kuhesabu mambo matatu kwa pamoja: vitunguu vinavyoweza kuoza, soko la Nairobi linaloamka alfajiri, na kibali cha muda cha gari chenye tarehe yake ya mwisho. Fundi anayefika hana haja ya kuuliza mengi. Namba za gari zimeshamwambia kuwa mteja ni mgeni, na mzigo umemwambia kuwa ana haraka.

Hapo ndipo bei hupanda. Wafanyabiashara wengi huamini kwamba hupigwa kwa sababu mafundi wa ng'ambo si waaminifu. Wasio waaminifu wapo pande zote za mpaka, lakini hasara nyingi hutokana na makubaliano ambayo hayakufanywa. Gari hukabidhiwa kwa kauli ya "tengeneza tuondoke", bei hutajwa kazi ikiwa imeisha, na wakati huo mteja hana pa kwenda.

Hatua ya kwanza ni kueleza dalili badala ya kuagiza spea. Dereva anayesema "badilisha alteneta" ameshainunua, hata kama tatizo lilikuwa belti au waya wa betri uliolegea. Anayesema "taa ya betri inawaka na gari haliwaki asubuhi" anamlazimu fundi kupima kwanza. Malipo ya kupima yakubaliwe peke yake.

Pili, bei ya spea itenganishwe na ya ufundi. Akishatajiwa spea, mteja ampigie muuzaji anayemfahamu Kirinyaga Road jijini Nairobi, Gerezani jijini Dar es Salaam au Kisekka jijini Kampala, na amtumie picha ya spea pamoja na namba ya chesisi. Spea isiyooana na gari hununuliwa mara mbili. Bei ya mpakani ikizidi kidogo, huo ni usafiri. Ikifika maradufu, kuna la kuuliza. Aulize pia kama spea ni mpya halisi, ya kuiga, au ya mtumba kutoka Japani. Kila moja ina bei yake, na hasara huja pale mtu anapouziwa moja kwa bei ya nyingine.

Tatu ni sarafu. Shilingi ya Kenya, ya Tanzania na ya Uganda zina jina moja lakini thamani tofauti. Katika miaka ya karibuni, shilingi 1 ya Kenya imekuwa ikibadilishwa kwa takriban shilingi 20 za Tanzania. Kwa hiyo "elfu tano" ya Kenya ni kama laki moja ya Tanzania. Katika mji wa mpakani ambako fedha zote mbili hupokelewa, bei isiyotajiwa nchi ni mwanzo wa ugomvi.

Nne ni maandishi. Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Ukurasa mmoja unatosha: dalili, kazi itakayofanywa, bei ya spea, bei ya ufundi, saa ya kumaliza, simu ya fundi na saini mbili. Iandikwe pia kwamba kazi yoyote ya ziada isianze kabla mteja hajakubali bei yake. Malipo ya awali yawe ya spea tu, na yakipitia simu, ujumbe wa muamala hubaki kuwa ushahidi. Spea ya zamani irudishwe kwa mwenye gari. Nchini Kenya, Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inagusa mambo hayo ya makadirio ya bei na kurudishiwa spea zilizotolewa.

Wapo wanaoitegemea Kadi ya Njano ya COMESA. Kadi hiyo ni bima ya madhara yanayompata mtu mwingine katika ajali nchi ya ugenini. Haitengenezi giaboksi iliyokufa njiani. Na gereji ikichelewesha gari, ni heri kufika forodhani na karatasi ya fundi kabla kibali hakijaisha kuliko kwenda kujieleza baadaye.

Kinga kubwa zaidi hupatikana kabla ya safari. Breki, oili, maji na belti vikaguliwe nyumbani, ambako mteja anamjua fundi na hana haraka. Vikundi vya wafanyabiashara wanaotumia njia moja vinaweza pia kuweka orodha ya mafundi waliowahi kuwafanyia kazi vizuri Namanga, Busia, Malaba au Rusumo, pamoja na bei walizolipa. Mgeni mwenye namba ya fundi mfukoni na bei ya jana kichwani hatozwi kwa urahisi.