Kahawa, Wasiwasi na Dawa Zinazochangamsha Akili

Kafeini ni kemikali ya asili inayopatikana katika buni, majani ya chai, kakao na mbegu za kola, na ndiyo dutu ya kusisimua ubongo inayotumiwa na watu wengi zaidi duniani, ingawa ni wachache kati yao wanaoihesabu kuwa dawa. Mwanakemia Mjerumani Friedlieb Ferdinand Runge aliitenga kutoka katika buni mwaka 1819, lakini namna inavyofanya kazi ilikuja kufahamika baadaye sana. Muda wote mtu anapokuwa macho, ubongo wake hukusanya kidogo kidogo dutu iitwayo adenosini, ambayo hunata kwenye vipokezi, yaani sehemu maalumu za seli zinazopokea ujumbe wa kemikali, na kuziamuru seli hizo zipunguze kasi ili usingizi uje. Kafeini, kwa kuwa umbo lake linafanana na la adenosini, huvikalia vipokezi hivyo kama abiria aliyekalia kiti cha mwenziwe, na ule ujumbe wa kupumzika ukakosa pa kufikia. Kwa hiyo kafeini haimpi mtu nguvu mpya bali humfichia uchovu alio nao, na papo hapo huuchochea mwili umwage adrenalini zaidi, homoni ileile inayomiminika mtu anapokabiliwa na hatari.

Hapo ndipo wasiwasi unapoingia. Moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, tumbo kuvurugika, pumzi kuwa fupi na usingizi kupaa ni dalili za kafeini iliyozidi, na hizohizo ni dalili za ugonjwa wa wasiwasi. Anayehisi moyo wake ukidunda pasipo sababu huanza kuitafuta sababu, na akili iliyokwisha kuingiwa na hofu haikosi cha kushika, kiwe deni, mtihani, maradhi ya moyo, husuda ya jirani au jini.

Mwaka 1974 daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, John Greden, alichapisha makala kuhusu wagonjwa wa namna hiyo aliowaona katika hospitali ya jeshi ya Walter Reed. Mmoja wao alikuwa muuguzi wa miaka 27 aliyesumbuliwa na kizunguzungu, kutetemeka, kukosa pumzi na mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, na aliyekuwa ameambiwa kwamba ana wasiwasi, pengine kwa kuhofu mumewe asipelekwe vitani Vietnam. Maelezo hayo hayakumridhisha. Alichunguza mwenyewe anachokula na kunywa, akagundua kwamba tangu aliponunua chombo kipya cha kuchujia kahawa alikuwa akinywa vikombe 10 hadi 12 vya kahawa kali kwa siku, na alipoacha, dalili zake zikaondoka, pamoja na kasoro ile ya mapigo ya moyo. Kisa hiki kinastahili kukumbukwa kwa sababu mgonjwa alikuwa mtu wa fani ya tiba na waliomtazama walikuwa mabingwa, na bado lililokosekana ni swali moja kuhusu kikombe chake.

Watu hawafanani katika kuistahimili kafeini. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilieleza mwaka 2015 kwamba miligramu 400 kwa siku hazina hatari kwa mtu mzima mwenye afya, na 200 kwa mjamzito. Lakini wapo wanaotetemeka kwa kikombe kimoja tu, ambacho kwa kawaida huwa na miligramu kati ya 80 na 100. Sehemu ya tofauti hiyo ni ya kurithi, kwa kuwa vipokezi vya baadhi ya watu huifanya kafeini iwaletee hofu upesi zaidi, na sehemu nyingine iko katika ini, ambako kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kemikali, huivunjavunja kafeini. Kwa wastani nusu ya kafeini huondoka mwilini katika muda wa saa 5 hivi, na hivyo anayekunywa saa kumi jioni bado ana nusu yake saa tatu usiku. Mwishoni mwa ujauzito muda huo unaweza kufikia saa 15, na vidonge vya uzazi wa mpango navyo huurefusha.

Aina ya kahawa nayo ina uzito wake, kwani robusta inayolimwa kwa wingi Kagera ina kafeini karibu mara mbili ya arabika ya Kilimanjaro, na hata buni za kutafuna za Bukoba zina kafeini ileile, japo hazikupitia kwenye kikombe. Lisilotazamiwa na wengi ni vidonge vya maumivu: kidonge kimoja cha Panadol Extra kina miligramu 65 za kafeini pamoja na parasetamoli, na anayemeza viwili usiku ili kichwa kimpoe apate kulala amejinyima usingizi anaoutafuta.

Mambo huwa mazito zaidi pale kafeini inapokutana na dawa za akili, kwani baadhi ya dawa hizo zenyewe huchangamsha. Fluoksetini, dawa ya sonona iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1987, huanza kuigusa serotonini, kemikali mojawapo ya mawasiliano ya ubongo, tangu siku za kwanza, ilhali nafuu yenyewe huchukua majuma kadhaa. Katika kipindi hicho cha kungojea baadhi ya wagonjwa hupatwa na mfadhaiko, kukosa usingizi, au hali ya kushindwa kabisa kutulia mahali pamoja iitwayo akathisia. Wengi huona kwamba dawa imewadhuru, wakaitupa kimyakimya, na huo ni msiba unaoepukika, kwa sababu daktari aliyeelezwa mapema anaweza kuanza na dozi ndogo au kuagiza imezwe asubuhi. Akathisia, na hasa kwa vijana, haifai kuvumiliwa kwa subira tu: mgonjwa anayeipata, au anayejiwa na mawazo ya kujidhuru, arudishwe hospitali siku hiyohiyo.

Methilifenideti, inayotolewa kwa watoto na watu wazima wenye upungufu wa umakini, huongeza waziwazi dopamini na noradrenalini, kemikali nyingine za mawasiliano ya ubongo, na kahawa au vinywaji vya kuongeza nguvu vikijumlishwa juu yake moyo hubeba mzigo maradufu. Miraa iko katika kundi hilihili, kwani kathinoni iliyomo ndani yake ni ndugu wa amfetamini, dawa kali ya kuchangamsha.

Mfano unaofunza zaidi ni wa bupropioni, ambayo hutumiwa kutibu sonona na pia kuwasaidia watu kuacha sigara. Moshi wa tumbaku hukiongezea kasi kile kimeng'enya cha ini, kwa hiyo mvutaji huiondoa kafeini haraka. Akiacha kuvuta, kasi hiyo hushuka, na vikombe vilevile alivyovizoea huweza kumpandishia kafeini ya damu mara mbili na zaidi. Mtu huyo sasa ana dawa inayochangamsha na kafeini iliyozidi, kisha anaambiwa kwamba anateswa na kiu ya sigara. Fluvoksamini, dawa nyingine ya sonona, hufanya zaidi ya hapo, kwani hukizuia kimeng'enya hicho hata nusu ya kafeini ikachukua zaidi ya siku nzima kutoka mwilini.

Hata hivyo, kuacha kahawa ghafla si dawa. Maumivu ya kichwa na uchovu hufuata katika muda wa saa 12 hadi 24, kama wajuavyo baadhi ya wanywaji wa kahawa katika siku za mwanzo za Ramadhani. Na kwa anayetumia lithiamu, dawa ya kuzuia hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, kuacha huko kunaweza kuipandisha lithiamu kufikia kiwango cha sumu, kwa kuwa kafeini ilikuwa ikizisaidia figo kuitoa. Inafaa kupunguza kidogo kidogo, na daktari akijua.

Kwa hiyo kila anayekwenda kliniki kwa sababu ya wasiwasi na aandike kwanza, kwa juma zima, vikombe vyake vya kahawa na chai, soda, vidonge vya maumivu, miraa na sigara, pamoja na saa alizotumia kila kimoja, kisha amkabidhi daktari karatasi hiyo hata kama hakuulizwa.