Wimbi, Mwangani na Mwili wa Miaka Hamsini

Mtu wa Mombasa akifika Suneka hushangazwa kwanza na baridi ya asubuhi, kisha na watoto. Kwa Kigusii mama ndiye huitwa baba, na baba huitwa tata. Nilimsikia mtoto akilia "Baba! Baba!" nikageuka kumtazama mwenyeji wangu. Yeye akacheka, akanionyesha mkewe jikoni.

Tulifanya kazi pamoja bandarini miaka mingi, kisha akarudi kwao kulima. Ana umri wa miaka 52. Ni Msabato, na Wasabato wamekuwako Ugusii kwa zaidi ya miaka 100. Nguruwe na pombe hawagusi, kama sisi. Nyama zinazohesabiwa safi katika imani yao hawakatazwi, ingawa wako wanaoziacha kwa hiari. Mwenyeji wangu ameacha na maziwa na mayai pia. Nilitarajia kumkuta amekauka kama ufito. Nikamkuta shambani, kifua kimekaza na mikono imejaa, amejitwika mkungu wa ndizi anapanda nao kilima.

Mimi mwenyewe niliacha nyama miaka miwili iliyopita. Si kwamba nilikiharimisha kilicho halali, la hasha. Presha na tumbo ndivyo vilivyonitisha. Nikabaki na wali, chapati, viazi karai na chai ya rangi. Baada ya miezi minane tumbo lilikuwa pale pale, lakini mikono ilikuwa imenywea hata mkanda wa saa ukarudi nyuma matundu mawili. Nilipomweleza haya alinitazama kwa huruma. "Sheikh," akasema, "wewe umeacha nyama ukaacha na chakula."

Maneno hayo yana ukweli ambao madaktari wanaujua vyema. Tangu miaka ya thelathini mtu huanza kupoteza misuli kidogo kidogo, na baada ya hamsini upotevu huzidi. Mwenye umri huo anahitaji protini gramu 1 au zaidi kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo 70, basi, azitafute gramu 70 hadi 84. Wali na chapati havimfikishi huko.

Nyumbani kwa mwenyeji wangu hesabu hiyo hujazwa na maharage, asubuhi na jioni. Kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa kina protini kama gramu 15. Konzi ya njugu huongeza 7 hivi. Sima ya huko, obokima, husongwa kwa unga wa wimbi, nyeusi na nzito; mgeni huiogopa siku ya kwanza na kuitafuta siku ya tatu. Wimbi halina protini nyingi, na lile lililomo lina upungufu ambao maharage huuziba, nalo wimbi huyafidia maharage vile vile. Ndiyo maana vyakula hivi viwili huliwa pamoja.

Wimbi lina sifa nyingine kubwa zaidi. Gramu 100 za unga wake zina kalisiamu kama miligramu 340, mara nyingi kuliko mahindi au mchele. Jambo hili si dogo. Uchunguzi uliotangazwa Uingereza mwaka 2020, wa watu wapatao 55,000, ulionyesha kuwa wasiokula chochote cha mnyama walivunjika mifupa zaidi kuliko walaji nyama, hasa nyonga. Nao Wasabato wanaochunguzwa na wataalamu wa Loma Linda, California, tangu mwaka 2002 wameonekana kuwa wala mimea ndio wembamba zaidi, na kisukari kwao ni kichache. Basi wembamba ni jambo moja, na uimara wa mifupa ni jambo la pili.

Kitoweo ni mwangani, wao huuita chinsaga, na mnavu. Kwa desturi mwangani hulainishwa kwa maziwa ili uchungu upungue. Mke wa mwenyeji wangu hutia njugu za kusaga badala yake, na wallahi sikuyakumbuka maziwa. Juu yake hukamua ndimu, maana ndimu husaidia mwili kupokea madini ya chuma yaliyomo kwenye majani. Chai huyazuia, kwa hiyo hapo chai hunywewa saa nzima baada ya chakula. Kwa mtu wa Pwani, hiyo ndiyo sharti ngumu kuliko zote.

Lakini maharage peke yake hayakazi mwili. Yule bwana hulima na kubeba kila siku. Sisi wa barazani tutafute mzigo: madumu ya maji yanyanyuliwe mara mbili au tatu kwa juma, hata mikono ichoke kweli. Chakula chenyewe tunacho tayari, mbaazi na kunde na choroko. Kosa letu ni kula mahamri manne kwa mbaazi vijiko viwili. Mimi nimeugeuza mpango huo, na mkanda wa saa umesonga tundu moja.

Liko pengo moja ambalo si Suneka wala Lamu wanaloweza kuliziba kwa mmea: vitamini B12. Ini huiweka akiba ya miaka kadhaa, hivyo mtu hudanganyika kuwa yu salama, mpaka nyayo zianze kufa ganzi na kumbukumbu kupotea. Aliyeacha nyama, samaki, maziwa na mayai hana budi kununua vidonge vyake kwenye duka la dawa. Mwenyeji wangu chake hukiweka kando ya jembe, asisahau.