Mpini au Stakabadhi? Namna Kiini cha Kompyuta Kinavyohakiki Namba

Mtu anayetumia kompyuta yenye Windows ya Kireno huko Palma au Mocímboa da Praia, kaskazini mwa pwani ya Cabo Delgado, huenda siku moja akaona ujumbe usemao "identificador inválido", yaani kitambulisho batili. Katika Windows ya Kiingereza ujumbe huohuo husema kwamba mpini ni batili. Wakazi wengi wa pwani hiyo huzungumza Kimwani au Kiswahili nyumbani na kukutana na Kireno shuleni, na sisi wa somo la istilahi tunaweza kujifunza kutokana na hali yao. Je, ni neno lipi linaloeleza vizuri zaidi jambo lenyewe? Kabla ya kujibu, hatuna budi kulieleza jambo hilo.

Mfumo endeshi, kama vile Windows au Linux, una sehemu ya ndani iitwayo kiini. Kiini ndicho chenye mamlaka juu ya kumbukumbu yote ya mashine. Programu za kawaida haziruhusiwi kugusa kumbukumbu ya kiini wala ya programu nyingine. Programu ikitaka kusoma faili, hukiomba kiini kiifungue. Kiini huandika habari za faili hiyo katika jedwali lake, kisha huirudishia programu namba tu.

Tuchukue mfano wa bohari ya bandarini. Mfanyabiashara ameshusha magunia ya korosho kutoka jahazini. Karani anayapokea, anayaandika daftarini, na kumpa stakabadhi namba 7. Mwenye mzigo haingii bohari. Akiutaka, hurudi na stakabadhi. Karani mwangalifu hatoi mzigo kwa kutajiwa namba tu, bali hujiuliza maswali manne:

1. Je, namba hii imo daftarini? Daftari likiwa na mistari 20 na mtu akataja 900, hakuna cha kutafuta. Kiini kisipoangalia hilo, kitasoma kumbukumbu iliyo nje ya jedwali na kuidhania kuwa ni habari za kweli.

2. Je, mzigo bado upo, au ulikwisha kutolewa?

3. Je, ni wa aina inayotajwa? Anayedai korosho asipewe madebe ya mafuta.

4. Je, mwombaji ana ruhusa ya anachokiomba? Kutazama si sawa na kuchukua.

Hata baada ya maswali hayo kazi haijaisha. Karani anapokwenda kuufuata mzigo, mtu mwingine anaweza kuja kuuondoa, na nafasi yake ikawekwa mzigo mwingine. Kwa sababu hiyo kiini huongeza hesabu ya wanaokitumia kitu hicho, na hakikifuti mpaka hesabu irudi sifuri. Uhakiki usioendelea kulinda kitu hadi kazi imalizike haufai.

Tahadhari hiyohiyo inahitajika kwa anwani za kumbukumbu. Mara nyingi programu hukiambia kiini mahali pa kuandika jibu. Ni lazima kiini kihakikishe kwanza kwamba mahali hapo ni pa programu yenyewe. Katika toleo la 4.13 la Linux, lililotoka Septemba 2017, hatua hiyo ilisahauliwa katika huduma iitwayo waitid. Programu ya kawaida iliweza kutaja anwani ya ndani ya kiini, nacho kikaandika humo. Kwa njia hiyo mtumiaji asiye na cheo aliweza kujipatia mamlaka ya msimamizi. Kosa lilirekebishwa Oktoba 2017 kwa kurudisha ukaguzi uliokosekana.

Jambo hili haliwahusu wataalamu peke yao. Simu za Android nazo huendeshwa na kiini cha Linux. Kwa familia iliyokimbia Palma au Mocímboa da Praia katika mashambulizi yaliyoanza Oktoba 2017, simu yaweza kuwa ndiyo iliyobaki na picha za jamaa na namba zao. Kiini kikikubali namba bila kuihakiki, programu moja inaweza kufikia siri za nyingine.

Sasa turudi kwenye istilahi. Mpini humfanya mwanafunzi adhani kwamba programu imekwisha kukishika kitu chenyewe, ilhali ina namba tu. Kitambulisho kinakaribia zaidi, lakini hutaja jina bila kudokeza daftari. Stakabadhi hubeba yote mawili, namba mkononi mwa mwombaji na maandishi kwa mtunzaji, na kila mtu anajua kwamba stakabadhi hukaguliwa.

Tena neno hili halikutupa maana ya kushika. Stakabadhi na kabidhi yote yanatokana na mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kushika, na katika Kiarabu mzizi huohuo ndio uliozaa neno la mpini, maqbidh. Kwa hiyo tunapendekeza stakabadhi itumike darasani. Wasomaji wenye neno lililo bora zaidi wanakaribishwa kutuandikia.