Waya Hushika, Mti Hujipinda Wenyewe

Anayeanza kujifunza bonsai, ile sanaa ya Kijapani ya kukuza mti wa kawaida ndani ya chungu kifupi hadi uwe na sura ya mti mzee wa porini, huvutwa mapema sana na waya. Huona picha za misonobari na mireteni iliyozungushiwa nyaya kutoka shinani hadi kwenye vitawi vya mwisho, naye huamini kwamba umbo hutokana na mkono wenye nguvu na chuma kinachotii. Makosa mengi huanzia kwenye imani hiyo. Ninachotaka kukionyesha hapa ni kwamba waya haulipi tawi umbo lolote. Kazi yake ni kulishika tawi mahali lilipowekwa, mpaka mti wenyewe ujenge kile kitakacholibakiza hapo. Aliyeielewa tofauti hiyo huchagua waya kwa sababu nyingine, huchagua mti kwa sababu nyingine, na hujali siku ya kuutoa waya kuliko siku ya kuufunga.

Chini ya gome la kila tawi lililo hai kuna utando mwembamba sana uitwao kambiamu. Kwa upande wa ndani, kambiamu hutengeneza ile sehemu ngumu ambayo seremala huiita mbao. Kwa upande wa nje hutengeneza mirija inayoshusha chakula kutoka kwenye majani kwenda mizizini. Tawi likipindwa, upande wa nje wa pindo huvutwa na upande wa ndani hubanwa. Mbao zilizokwishakomaa hazibadiliki kwa hilo, na waya ukiondolewa siku ileile tawi hurudi karibu na pale lilipokuwa. Likishikwa kwa miezi, mambo huwa mengine: kambiamu huongeza tabaka jipya juu ya mbao za zamani, na tabaka hilo huzaliwa likiwa tayari katika mkao mpya. Nyufa ndogo zilizotokea wakati wa kupinda huzibwa, na kidogo kidogo tabaka jipya huzidi nguvu ile hamu ya mbao za zamani ya kunyooka. Tena mti hautulii tu ukisubiri. Msonobari na jamaa zake, tawi likiinamishwa, hujenga upande wa chini mbao zenye lignini nyingi zinazolisukuma tawi juu. Miti ya majani mapana hujenga upande wa juu mbao zenye selulosi nyingi zinazolivuta. Ndiyo maana tawi la msonobari huinuka tena waya ukitolewa mapema, na mwenye mti hudhani alipinda vibaya. Hutajwa mara nyingi methali ya samaki kukunjwa angali mbichi, nayo hapa ni kweli nusu. Tawi changa hupindika kwa urahisi, hilo halina ubishi. Lakini samaki hubaki na mkunjo wake kwa sababu amekauka, ilhali tawi hubaki na pindo lake kwa sababu limeendelea kukua.

Historia ya sanaa yenyewe inaunga mkono jambo hili. Bonsai ilitokana na sanaa ya Kichina ya penjing, na katika mapokeo ya Yangzhou na Sichuan mafundi waliyapinda matawi kwa kuyafunga na nyuzi za miti ya jamii ya mnazi. Uzi haulitawali tawi kama chuma. Unaweza kulivuta na kulizuia, basi. Hata hivyo miti ile ilipata mapindo yaliyodumu. Ushahidi mwingine uko wazi kwa yeyote aliyekaa pwani: mvinje uliosimama peke yake ufukweni, ukipigwa na kusi mwaka baada ya mwaka, huelekeza matawi yake bara. Upepo haukuvunja kitu wala kukaza kitu. Ulikuwa shinikizo lisilokoma juu ya mti unaokua, na Wajapani wana mtindo mzima wa bonsai, fukinagashi, unaoiga sura hiyo.

Kanuni za kufunga waya hueleweka vizuri zaidi zikitazamwa kwa jicho hilo. Walimu wengi husema unene wa waya uwe karibu theluthi moja ya unene wa tawi pale linapopindwa, hivyo tawi la milimita 9 litataka waya wa alumini wa milimita 3. Mwembamba zaidi ya hapo hautashika, na mnene zaidi utamlazimisha mtu kutumia nguvu ambazo gome haliwezi kuzistahimili. Waya huzungushwa kwa mkao wa nyuzi 45 hivi dhidi ya urefu wa tawi, kwa sababu mizunguko iliyobanana hugeuka springi na kuyumba pamoja na tawi, na iliyoachana mno haina pa kushikia. Ulale juu ya gome bila kuacha mwanya na bila kulikaba. Mwanzo wake nao unahitaji kitu cha kujishikiza, ndiyo maana mafundi hutumia waya mmoja kwa matawi mawili jirani, ukipita kwenye shina kwa mzunguko mmoja au mmoja na nusu, ili kila tawi limzuie mwenzake. Hufungwa matawi manene kwanza, kisha membamba. Wakati wa kupinda kwa vidole gumba, pawe na mzunguko wa waya upande wa nje wa pindo, kwani hapo ndipo gome hupasuka. Tawi nene hufungwa kwanza kwa rafia iliyoloweshwa majini, zile nyuzi zitokazo kwenye majani ya mwale, ili gome na mbao visiachane.

Kuhusu chuma chenyewe, zipo shaba na alumini. Shaba huchomwa kwanza ili ilainike, kisha hukakamaa kadiri inavyopindwa, hivyo waya mwembamba wa shaba hufanya kazi ya waya mnene wa alumini. Wakuzaji wengi wa Kijapani huipendelea kwa misonobari na mireteni. Lakini anayeanza hupinda, husita, hurudisha nyuma, na shaba iliyokwisha kukakamaa haiwezi kurudishwa bila kulijeruhi tawi. Namshauri atumie alumini, na kabla ya kuugusa mti wake afanye mazoezi kwenye matawi yaliyokatwa, mpaka mizunguko yake ifanane.

Ugumu wenyewe huja baada ya hapo, wakati ambapo kwa macho hakuna kinachotokea. Tawi linalokua hunenepa, na waya haunenepi. Siku itafika ambapo waya utaanza kuzama ndani ya gome, na ukiachwa utakata ile mirija inayoshusha chakula. Tawi litavimba juu ya mkabo na kudhoofika chini yake, na kovu la mzunguko litabaki kwa miaka, pengine kwa maisha yote ya mti. Basi ukuaji uleule unaoliweka tawi katika umbo jipya ndio unaougeuza waya kuwa kitanzi. Muda kati ya hayo mawili hauko kwenye kitabu chochote, kwa kuwa unategemea aina ya mti, afya yake na majira. Msonobari unaweza kubaki na waya mwaka mmoja au zaidi. Mti wa majani mapana mara nyingi huhitaji miezi michache. Huko Japani matawi ya misonobari hunenepa sana kuelekea mwisho wa kiangazi na mwanzo wa majira ya majani kupukutika, na wengi waliotazama nyaya zao wakati wa joto huzikuta zimezama wakati wa baridi. Sisi tulio karibu na ikweta hatuna baridi ya kuusimamisha mti. Mtini wa mapambo uliopata jua na mvua za masika unaweza kuanza kuumwa na waya ndani ya wiki chache. Kwa hiyo maelekezo yaliyoandikwa kwa bustani za Ulaya au Japani, yanayosema rudi uangalie baada ya miezi sita, huku kwetu ni maelekezo ya kuharibu mti. Kila wiki ni sahihi zaidi.

Iko sababu nyingine ya kulitazama zoezi hili kama kazi ya ukuaji, nayo husahauliwa na wanaolichukulia kama uchongaji. Ncha ya juu ya mti hutawala machipukizi yaliyo chini yake kwa homoni, na tawi lililosimama wima huwa na nguvu kuliko lililolala. Ukiliinamisha tawi, unapunguza utawala wa ncha yake, na macho yaliyolala karibu na shina hupata nafasi ya kuchipua. Wakulima wa matunda wanalijua hili. Huyalaza matawi ya mitofaa ili yatoe maua badala ya kukimbilia juu. Kwenye bonsai, matawi yaliyopangwa kwa waya yasifunikane huruhusu mwanga ufike ndani, na vitawi vya ndani ambavyo vingekufa kwa kivuli vikaendelea kuishi. Matawi yaliyoinama huupa mti sura ya uzee, kwa kuwa msonobari mzee wa milimani hubeba theluji na uzito wa miaka mingi. Ila fundi mzuri huyainamisha pia ili mti uwe na vitawi vya kufanyia kazi miaka mitano ijayo.

Ikiwa ukuaji ndio unaounda, basi mti usiokua haustahili kufungwa waya, na hili ndilo ningependa kila anayeanza alishike hata akisahau mengine yote. Mara nyingi mtu hununua mreteni mdogo, huukata mizizi, huuhamishia chungu kipya, huupunguza matawi na kuufunga waya, vyote kwa alasiri moja. Mreteni una tabia inayodanganya: unaweza kubaki wa kijani kwa wiki kadhaa baada ya mizizi yake kufa. Mwenye mti hufurahia umbo alilolipata huku mti umeshakwenda. Palipo na jeraha la mizizi, nyaya zisubiri mpaka machipukizi mapya yaonyeshe kwamba mti umepona. Mafunzo ya Kijapani nayo huanza na afya ya mti. Omiya, mkoani Saitama, kile kijiji cha bonsai kilichoanzishwa mwaka 1925 na wakuzaji waliohama Tokyo baada ya tetemeko la 1923, ni moja ya vituo vikuu vya fani hii, na uanafunzi wa bonsai nchini Japani huchukua miaka mitano au zaidi. Katika malezi hayo kumwagilia maji huhesabiwa kuwa somo la msingi. Naliona jambo hilo kuwa la busara kabisa, maana asiyejua kumwagilia hana ukuaji wa kuuongoza.

Wapo watakaouliza kama waya unahitajika hata kidogo. Mapokeo ya Lingnan, kusini mwa China, huunda miti kwa mkasi peke yake: tawi huachwa likue, hukatwa juu ya jicho linaloelekea upande unaotakiwa, chipukizi jipya nalo huachwa na kukatwa tena. Njia hiyo hutoa matawi yenye pembe na nguvu ambayo waya hauigi kwa urahisi, na kwa miti ya nchi za joto inayochipua upesi naikubali kwa moyo mmoja. Haifai kila mahali, kwani tawi la msonobari likikatwa mpaka pasibaki sindano hata moja, kwa kawaida halichipui tena, hufa. Hata hivyo, mafanikio ya Lingnan yanaipa nguvu hoja yangu: kama umbo linaweza kuja bila waya hata kidogo, basi halikutoka kwenye waya.

Pingamizi zito zaidi ni la wanaosema kwamba kufunga mti ni kuutesa. Silidharau, maana linatoka kwa watu wanaoujali uhai. Mti hauna mfumo wa neva wala ubongo, na kupindwa na upepo au theluji ni sehemu ya maisha yake tangu mwanzo. Ila jibu hilo halimwondolei mtu wajibu. Mti ulio ndani ya chungu hauwezi kutafuta maji mbali wala kukimbiza mizizi mahali pengine, kila kitu unakitegemea kwa aliyeuweka humo. Waya ulioachwa ukazama kwenye gome ni madhara ya kweli, na mireteni inayokauka kwenye meza za sebuleni, mbali na jua la nje, ni madhara makubwa zaidi. Dhidi ya hayo uko ushahidi wa kile ambacho uangalizi unaweza kufanya. Katika jumba la makumbusho ya bonsai na penjing mjini Washington upo msonobari mweupe wa Kijapani ambao umekuwa ukilelewa tangu mwaka 1625. Familia ya Yamaki iliutunza Hiroshima, ukanusurika bomu la tarehe 6 Agosti 1945, na mwaka 1976 Masaru Yamaki akautoa zawadi kwa watu wa Marekani. Mti unaoteswa hauishi karne nne katika chungu.

Kwa anayeanza leo, basi, ushauri wangu ni huu. Chukua mtini wenye afya uliokwisha kuzoea chungu chake, si mreteni wa bei kubwa. Funga tawi moja au mawili, pinda kwa kiasi ambacho tawi linakubali bila kulia, kisha andika tarehe kwenye kibandiko na ukitundike pale pale. Usiuhamishe mti, usiukate mizizi, uache upate jua na maji. Kila wiki tazama kama waya umeanza kugusa gome kwa nguvu, na ukiona hivyo utoe siku hiyohiyo kwa kuukata vipande vipande kwa koleo, usiufungue kwa kuuzungusha, kwa sababu vitawi na macho huvunjika katika kuuzungusha. Tawi likirudi nyuma kidogo, lifunge upya kwa kupitisha waya mahali pengine. Matawi mengi huhitaji kufungwa zaidi ya mara moja.