Chenji Hakosei, Hesabu za Shule Zinamshinda



Jioni moja, baada ya darasa la kisomo, mzee mmoja alibaki nyuma. Alikuwa na shauri. Mwanawe yuko darasa la nne, na mtihani wa hesabu amepata 3 kwa 20. Mzee akasema, "Mwalimu, huyu mtoto hana kichwa. Afadhali akachunge mbuzi."

Nikamwuliza, "Maandazi ya mama yake anauza nani?"

"Si ni huyo huyo."

"Chenji hukosea?"

Mzee akacheka. "Hata siku moja!"

Basi, tulizungumze jambo hilo.

Katika mji wa Recife, nchi ya Brazili, watafiti waliwapima watoto 5 waliokuwa wakiuza vitu sokoni na mitaani. Walikuwa na umri wa miaka 9 hadi 15. Habari zao zilichapishwa mwaka 1985. Kwanza watafiti walikwenda kama wateja, wakauliza bei na chenji. Watoto walipata karibu hesabu 98 katika kila 100. Baadaye wakapewa namba zile zile kwenye karatasi, bila nazi wala fedha. Wakapata kama 37 tu katika kila 100. Na watoto ni wale wale!

Mmoja wao, wa miaka 12, aliulizwa bei ya nazi 4. Nazi moja iliuzwa kruzeiro 35, ndiyo fedha yao ya wakati ule. Alijua nazi 3 ni 105. Akaongeza moja, akapata 140. Sawa kabisa. Kwenye karatasi akapewa 35 mara 4. Akasema 4 mara 5 ni 20, naandika 0, naweka 2. Hadi hapo sawa. Lakini ile 2 akaijumlisha na 3 kabla ya kuzidisha, ikawa 5. Halafu 4 mara 5, ni 20. Akaandika 200.

Kwa maoni yangu, mtoto huyo hakukosa akili. Alikariri njia ya shule nusu nusu, na hakuna aliyemwonyesha kwamba karatasi na nazi ni kitu kimoja.

Nilimwambia mzee afanye hivi. Kata vijiti. Funga kumi kumi kwa kamba. Sasa 35 ni mafungu 3 na vijiti 5. Panga hivyo mara 4. Hesabuni pamoja: mafungu 12 na vijiti 20. Vile vijiti 20 vinafungwa, vinatoa mafungu 2 mapya. Jumla mafungu 14, yaani 140. Hapo mtoto ataona kwa macho yake kwamba ile 2 huja mwishoni. Akisha kuona, aandike kwenye daftari. Asiishie kwenye vijiti, maana mtihani hauna vijiti.

Akikosea, usimpige wala usimwite mjinga. Mwulize, "Umepataje?" Msikilize mpaka mwisho. Hata kama wewe hukusoma hesabu hiyo, yeye akieleza mara nyingi atajikamata mwenyewe.

Jambo jingine. Wapo wanaosema eti mtoto huyu hujifunza kwa macho tu, yule kwa masikio tu, na yule kwa mikono. Mwaka 2008 wataalamu 4 wa Marekani walipitia utafiti uliokuwapo. Hawakuona ushahidi wa kutosha kwamba kumfundisha mtoto kwa "aina" yake humfanya aelewe zaidi. Kweli watoto hutofautiana. Mmoja ana haraka, mwingine huhitaji kuonyeshwa mara tatu. Lakini mtoto mmoja anaweza kutazama, kusikia, kushika na kueleza. Mpeni njia zote.

Ila msisahau macho na masikio yenyewe. Mtoto anayekodoa macho akitazama ubaoni, au anayetokwa usaha sikioni, mpelekeni zahanati. Na mwambieni mwalimu wake amkalishe mbele. Walimu wana watoto wengi, pengine hajaona.

Yule mzee alirudi wiki ya pili na vijiti vyake kwapani. Mbuzi anachunga mwenyewe. Sasa ananiuliza kugawanya.