Maji ya mtambo yaweza kula faida ya marudio

Anayeweka fedha katika uchenjuaji wa marudio ya dhahabu Geita au Kahama huuliza kwanza kila tani ina gramu ngapi. Ni vyema aulize pia hali ya maji ya mtambo.

Katika mitambo hiyo, maji yenye sayanidi hupitishwa kwenye tangi la marudio na kuyeyusha dhahabu. Kisha huingia katika mapipa ya kaboni inayonasa dhahabu, na kurudishwa tangini. Mzunguko huo huokoa maji na sayanidi. Lakini uchafu usioondolewa nao hurudi, na huzidi kulimbikizana.

Mafuta ndiyo ya kuangaliwa. Dizeli na grisi za karasha na jenereta zikiingia majini huziba vitundu vya kaboni. Dhahabu isiyonaswa hubaki majini na mwisho huachwa katika mchanga uliokwisha kuchenjuliwa. Hasara hiyo haionekani kwenye mizani ya soko la dhahabu la Geita, lililofunguliwa Machi 2019.

Tatizo la maji ya mzunguko limewahi kuwakuta hata wanaanga. Katika Kituo cha Kimataifa cha Anga, mkojo na unyevu wa hewani husafishwa kuwa maji ya kunywa. Chombo maalumu hupima jumla ya uchafu wa kikaboni, kundi linalojumuisha mafuta na sabuni. Kikomo wakati huo kilikuwa miligramu 3 kwa lita. Mwaka 2010 kipimo kilianza kupanda. Chombo hakikuweza kutaja kemikali yenyewe, hivyo sampuli zilirudishwa duniani. Maabara ilibaini kemikali ya jamii ya silikoni iliyokuwa ikipenya vichujio. Bila kipimo, vichujio vingeendelea kuaminiwa.

Kwa mtambo wa dhahabu, njia ni kupeleka maabara sampuli mbili: maji yanayoingia kwenye kaboni na yanayotoka. Yanayotoka yakiwa bado na dhahabu nyingi, kaboni imejaa au imezibwa. Kaboni mpya ikijaribiwa kwa maji yale yale, tofauti hujulikana. Kuosha kwa asidi huondoa chokaa, si mafuta. Mafuta huhitaji tanuru la nyuzi 700 hivi za Selsiasi.

Mwekezaji makini ataomba kuona vipimo hivyo kabla ya kutoa fedha. Marudio yenye gramu nyingi hayamsaidii iwapo dhahabu yake inabaki majini.