Mkanda wa Taimingi: Kitu Kidogo Kilicholaza Gari Yetu Miezi Saba

Leo nimeombwa niandike juu ya injini ya gari, nami si fundi. Mimi ni mama wa nyumbani, ndiye ninayeshika daftari ya likelemba yetu. Lakini kwa jambo hili nimeshalipa karo, tena karo kubwa, kwa hiyo acheni niwaeleze ili nyinyi msilipe.

Siku gari ilipozimika

Gari yetu ni HiAce ya zamani. Tuliinunua mwaka 2018, familia mbili, yetu na ya shemeji yangu, kwa pesa ya likelemba ya mwaka mzima na mahindi ya misimu miwili. Injini yake ni ya dizeli, ile wanayoiita 3L. Aliyetuuzia alisema, "Mkanda wa ndani ni mpya, msiwe na wasiwasi." Tulifurahi. Hatukuuliza umefungwa lini wala gari ilikuwa na kilomita ngapi.

Asubuhi moja ya mwaka 2019 Baba watoto alikuwa anapeleka abiria Mbarara. Ndani kulikuwa na mama mmoja na mtoto wake mgonjwa, wanakwenda hospitali. Katikati ya kilima gari ikazimika ghafla. Hakukuwa na moshi, hakukuwa na kishindo. Akawasha tena. Stata ilizunguka, lakini nyepesi sana, kama baiskeli iliyokatika mnyororo. Akajaribu mara tano, mara sita. Kumbe kila alipojaribu alikuwa anazidi kuharibu.

Yule mama alipata pikipiki, mtoto akafika na akapona, tunashukuru Mungu. Gari ilivutwa kwa kamba mpaka nyumbani. Fundi alipofungua kifuniko cha mbele akakuta mkanda umenyolewa meno. Alipofungua silinda hedi, valvu sita kati ya nane zilikuwa zimepinda. Gari ililala chini ya mwembe miezi saba. Binti yetu mkubwa alikosa muhula mzima, maana pesa yake ya shule ilikwenda kwenye valvu na gasketi. Na huo mkanda wenyewe, tungeununua mapema, usingemaliza mapato ya siku tatu za kazi.

Mkanda huu unafanya kazi gani?

Ndugu msomaji, usiuchanganye na mkanda wa feni unaouona ukifungua boneti. Ule wa feni ukikatika, injini itachemka au betri itaisha, lakini ukisimama mapema utapona. Mkanda wa taimingi umefichwa ndani ya kifuniko, mbele ya injini. Ni mpira wenye nyuzi ngumu ndani, na una meno kama msumeno.

Kazi yake ni kuunganisha vitu vitatu: krenkshafti, inayozungushwa na pistoni, kamshafti, inayofungua na kufunga valvu, na pampu ya dizeli, inayopeleka mafuta kwenye nozeli. Krenkshafti inapozunguka mara mbili, kamshafti na pampu huzunguka mara moja. Lazima viende pamoja bila kukosea hata jino moja, kama watu wawili wanaotwanga katika kinu kimoja. Mmoja akichelewa, michi inagongana.

Ndivyo ilivyo pia ndani ya injini. Dizeli haina plagi ya kutoa cheche. Mafuta yanawaka kwa joto la hewa iliyobanwa sana, kwa hiyo pistoni ikifika juu nafasi inayobaki ni ndogo mno. Mkanda ukikatika, kamshafti inasimama na valvu nyingine zinabaki zimefunguka, huku pistoni bado zinapanda. Zinagongana, valvu zinapinda. Wakati mwingine hata kamshafti inavunjika.

Si kila gari ina mkanda huu. Injini nyingi za malori hutumia gia, na nyingine hutumia mnyororo. Lakini HiAce na Hilux za dizeli za zamani, na hata Land Cruiser zenye injini ya 1HZ mnazoziona zikipita hapa kambini, zina mkanda.

Ubadilishwe lini?

Kwa injini kama yetu, ubadilishe kila kilomita 100,000. Magari mengi ya Toyota ya dizeli yana taa kwenye dashibodi yenye maandishi T-BELT. Ikiwaka, inakuambia muda umefika. Lakini usiitegemee peke yake: inahesabu kilomita tu, haiuoni mkanda, na inaweza kuwa imeungua au imechomolewa.

Mkanda unakufa mapema kwa oili inayovuja kwenye sili za mbele, kwa maji, kwa vumbi, na kwa uzee wenyewe. Na kama umenunua gari ya mtumba na hujui mkanda ulifungwa lini, hesabu kwamba umekwisha. Neno la muuzaji si risiti.

Tulivyoubadilisha nyumbani

Mwaka 2023 hesabu ya daftari ilionyesha kwamba muda umekaribia. Safari hii hatukungoja. Jirani yetu mmoja, mzee aliyefanya kazi ya gereji Bukavu miaka mingi, alikubali kutusimamia uani kwetu. Alisema, "Nitawaonyesha, lakini mikono iwe ya kwenu." Binti yetu alichukua daftari akaandika kila hatua. Haya ndiyo aliyoandika.

1. Nunua kwanza, fungua baadaye. Nenda dukani na namba ya injini. Ukifungua ya zamani, zilinganishe: upana uwe sawa, meno yahesabiwe na yawe sawa. Nunua pia sili za mbele, na roda ya kukazia mkanda kama ya zamani inalia.

2. Injini iwe baridi. Weka gari mahali tambarare, hendibreki juu, mawe kwenye magurudumu. Chomoa waya wa hasi wa betri ili mtu asije akawasha kwa bahati mbaya. Watoto wadogo wakae mbali, na mtu asiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake.

3. Fungua feni, mikanda ya nje na kifuniko cha juu. Sisi tulitoa na rejeta ili tupate nafasi. Kila boliti iwekwe kwenye kopo lake na kuandikwa ilikotoka.

4. Legeza boliti kubwa ya puli ya krenkshafti. Hii imekazwa sana. Tuliweka gia ya nne, Baba watoto akakanyaga breki, shemeji akavuta spana ndefu. Usitumie stata kuilegeza. Spana inaweza kukuvunja mkono.

5. Rudisha gia fri, kisha zungusha injini kwa spana, polepole, kwa upande inaozungukia yenyewe, mpaka alama za puli zote zikae sawa na alama za injini. Hapo pistoni ya kwanza iko juu kabisa. Kila injini ina alama zake, tafuta kitabu chake au mtu anayeijua. Halafu weka alama zako mwenyewe kwenye puli na kwenye mkanda. Sisi tulitumia rangi ya kucha ya binti yangu, nyekundu, inaonekana vizuri hata kwenye mafuta.

6. Toa puli ya krenkshafti na kifuniko cha chini, legeza roda ya kukazia, toa mkanda. Kuanzia hapo usizungushe kitu chochote. Kamshafti na puli ya pampu zinaweza kuruka zenyewe kidogo kwa nguvu ya spring za ndani. Usishtuke, zirudishe polepole kwenye alama.

7. Zungusha roda kwa kidole. Ikikwaruza au ikicheza, ibadilishe. Angalia sili. Kama kuna oili, rekebisha kwanza, maana mkanda mpya ukilowa oili ni pesa iliyotupwa.

8. Funga mkanda mpya kwa mikono mikavu. Usiukunje, usiusukume kwa bisibisi. Kama una mshale, uelekee upande injini inaozungukia. Anzia puli ya krenkshafti, vuta upande usio na roda ukae umenyooka, ulegevu wote ubaki upande wa roda. Kisha achia roda ili spring yake ikaze mkanda.

9. Zungusha injini kwa spana mizunguko miwili kamili, ukiangalia alama. Ukisikia kitu kigumu kimezuia, simama hapo hapo. Usilazimishe. Alama za rangi kwenye mkanda wenyewe hazitarudi mahali pake, hilo si kosa. Wewe angalia alama za puli na za injini.

Jino moja tu

Hapa ndipo palipotaka kutuharibia. Tulipomaliza mizunguko miwili, alama ya krenkshafti ilikaa, ya kamshafti ikakaa, ya pampu ikapita jino moja. Jua lilikuwa linazama. Kesho yake asubuhi tulikuwa na abiria waliokwisha kulipa, wanakwenda kwenye msiba. Shemeji akasema, "Ni jino moja tu, itawaka. Tutarekebisha Jumapili."

Kweli ingewaka. Lakini jino moja kwenye pampu linatosha gari kuwaka kwa shida, kutoa moshi, kugonga na kukosa nguvu mlimani. Na jino moja likikosewa si rahisi kujua kama mkanda umekaa vizuri kwenye yale mengine.

Mzee hakubishana. Alimwuliza binti yangu, "Wewe daftari yako inasemaje?" Binti akasoma: "Alama tatu zikae, zote tatu." Mzee akasema, "Basi. Fungueni."

Tukafungua tena. Mimi nilishika tochi. Nilituma mtoto kwa wale abiria kuwaomba radhi na kuwarudishia pesa yao, nao wakapata gari nyingine. Niseme ukweli, niliumia kuitoa ile pesa. Lakini nilikumbuka miezi saba ya mwembe.

Mara ya pili alama zote tatu zilikaa. Tukazungusha mizunguko miwili, zikakaa tena. Tukakaza roda, tukafunga vifuniko na puli, boliti kubwa tukaikaza kwa spana ya kupimia nguvu ambayo mzee aliazima gereji. Rejeta tukaijaza maji. Tulipowasha ilikuwa saa nne usiku. Iliwaka mara moja, sauti yake ya kawaida, moshi ukakatika baada ya muda mfupi. Binti yangu ndiye aliyepiga makofi kwanza.

Ushauri kwa familia

Kwanza, usifanye kazi hii peke yako kama ni mara ya kwanza. Kuwe na mtu aliyewahi kuifanya kwa injini ya aina hiyo. Si aibu kuomba, wala si aibu kumlipa.

Pili, andika. Karatasi iliyobandikwa ndani ya boneti yetu inasema: tarehe, kilomita za siku hiyo, na kilomita za mkanda unaofuata. Hata dereva akibadilika, karatasi haisahau.

Tatu, na hili nawaambia akina mama na wote mnaoshika pesa za nyumbani: gari si ya baba peke yake. Kama imenunuliwa kwa jasho la nyumba nzima, ulizeni mkanda ulifungwa lini. Sisi tuna kopo dogo. Kila Jumamosi tunaweka nauli ya abiria mmoja. Hiyo ni ya mkanda, haiguswi hata kwa sukari. Nauli ya mtu mmoja kwa wiki hatuisikii, lakini silinda hedi tuliisikia mwaka mzima.

Nne, oili chafu na mipira ya zamani isitupwe karibu na bomba la maji wala ziwani. Maji hayo tunayanywa sote.

Mkanda wetu wa zamani umetundikwa kwenye msumari karibu na mlango. Ukiutazama mgongoni unadhani ni mzima. Ukiukunja kidogo, nyufa zinaonekana chini ya kila jino. Wageni wakiuliza, binti yangu ndiye anayewaeleza. Mwaka huo ule alirudi shule bila kukosa hata siku moja.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwenye gari jirani yako, msomee makala hii. Mungu awalinde njiani, na tuonane mwezi ujao.